Wakwe Wawili na Nafasi Isiyopinda

Jumapili, 16 Machi
Mkunga amenipiga marufuku kusimama. Amesema mtoto ameteremka mno kabla ya wakati wake, kwa hiyo nilale, nikae kidogo, kisha nilale tena, mpaka atakaponiambia vingine. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa udereva, kazi yangu yote ni kukaa. Je, naweza kukaa garini? Akaniangalia kama mtu anayeangalia gari bovu. "Dada, kitandani."

Kitanda chenyewe kimehamishiwa sebuleni kwa sababu dari la chumbani kwetu linavuja. Nitakuwa naandika humu, nisije nikaanza kuzungumza na mapazia.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua.

Jumatano, 19 Machi
Baba yangu amehamia hapa. Kwake maji yameingia mpaka kwenye magoti ya viti. Amekuja na begi moja la nguo na masanduku mawili ya vitabu. Nguo zimelowa chapachapa, vitabu ni vikavu. Hapo utajua Baba ni mtu wa namna gani. Alifundisha fizikia sekondari mpaka alipostaafu, na tangu Mama afariki, mwaka juzi, anaishi peke yake na hizo karatasi zake za hesabu.

Nyumba hii ni ya wakwe zangu. Baba mkwe alikuwa mpima ardhi, na mtaani wanamwita Bwana Mipaka, maana hakuna ugomvi wa uzio ambao hakuitwa. Ana sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya bonde, na huitumia hata akiomba sukari. Amempokea Baba mlangoni: "Karibu mkwe! Jisikie uko kwako!"

Nilijua hayatadumu. Ila nilidhani yatafika Jumapili.

Ijumaa, 21 Machi
Hayakufika.

Jana jioni, tukinywa chai, Baba mkwe kwa wema tu akamuuliza mgeni wake anashughulika na nini siku hizi. Sisi wanawe tunajua kwamba swali hilo haliulizwi. Baba akaweka kikombe chini, akafuta mdomo, akasema, "Naunyoosha ulimwengu."

Kisha akaeleza. Wanasayansi wanasema nafasi, yaani ule uwazi ambao vitu vyote vimo ndani yake, inajipinda karibu na vitu vizito, na kwamba hakuna kilichotulia kabisa. Kila mwendo ni wa kulinganisha. Baba mwenyewe alifundisha hivyo maisha yake yote. Sasa anasema si lazima. Nafasi inaweza kuwa tambarare kama meza na tuli kama meza, wala haijali nani anapita. Kinachoharibika ni vyombo vyetu. Saa inayokwenda kasi inachelewa. Saa iliyo karibu na kitu kizito inachelewa. Mwanga nao unapunguza mwendo hapo, ndiyo maana unapinda, kama unavyopinda ukiingia kwenye maji. Mahesabu yanatoka yale yale, bila kupinda chochote.

Baba mkwe alikuwa ametulia mno. "Mkwe," akasema, "mimi nimepima pembetatu zinazovuka milima. Ukijumlisha pembe zake zinazidi zile za shuleni, kwa sababu ardhi imepinda. Nimeiona kwa macho haya. Sasa kama ardhi inapinda, nafasi ina nini cha kujivunia?"

"Ardhi imepinda ndani ya nafasi isiyopinda!"

"Umeiona wapi hiyo isiyopinda?"

"Na wewe umeiona wapi iliyopinda?"

Mama mkwe alitoka jikoni na kitambaa mkononi. "Nyumba yenyewe haina nafasi," akasema, "halafu nyie mnagombania nafasi."

Jumapili, 23 Machi
Mvua. Wamegombana asubuhi, mchana na wakati wa taarifa ya habari.

Jumanne, 25 Machi
Mama mkwe ametoa amri: nafasi isizungumzwe mezani. Wamekubali kama watoto wa shule. Leo Baba amesema, "Mkwe, nisogezee chumvi kwa njia iliyonyooka." Baba mkwe akaizungusha chumvi nyuma ya jagi, nyuma ya sahani ya mboga, ikamfikia ubavuni. "Kwa chumvi," akasema, "hiyo ndiyo iliyonyooka."

Mama mkwe aliondoa chumvi.

Ijumaa, 28 Machi
Nimejaribu kuwapatanisha. Nikawaambia, mwanafunzi wangu akiwa amesimama kwenye taa nyekundu, basi la pembeni likianza kusogea, yeye hukanyaga breki kwa nguvu zote akidhani sisi ndio tunarudi nyuma. Basi pengine kila mtu ana haki kwa upande wake.

"Unaona?" akasema Baba mkwe. "Hakuna anayejua nani amesimama!"

"Unaona?" akasema Baba. "Lami inajua!"

Nimeacha upatanishi. Nimegeukia ukutani.

Jumatano, 2 Aprili
Mume wangu ni fundi wa lifti, na mpaka leo hakuna mzee aliyewahi kupendezwa na kazi yake. Jioni hii wamemkalisha katikati wakamuuliza lifti inaanza kwa kasi gani, inasimamaje, mtu akiwa ndani anahisi nini. Maskini alifurahi. Alichora mpaka pulei, lile gurudumu la kamba. Nilijaribu kumkonyeza, hakuniona.

Ijumaa, 4 Aprili
Mizani ya bafuni haipo. Wazee wote wawili hawapo.

Ijumaa hiyo hiyo, baadaye
Nitaandika kama nilivyosimuliwa, ingawa nimesimuliwa na watu wanne na hakuna simulizi mbili zinazofanana.

Walikwenda kwenye lile jengo refu ambalo mume wangu anahudumia lifti zake. Baba mkwe alitaka kuonyesha kwamba mtu akisimama kwenye mizani ndani ya lifti inayopanda, uzito unaongezeka, na aliye ndani hawezi kujua kama ni lifti inayomsukuma au ni dunia inayomvuta. Kwa hiyo mvutano si kitu, ni umbo tu la nafasi. Baba alitaka kuonyesha kwamba uzito huo huo unaongezeka kwa sababu lifti inabadilisha mwendo ndani ya nafasi iliyotulia. Yaani walikwenda kufanya jaribio moja, la jibu moja, kila mmoja apate ushindi wake.

Walipanda wakashuka, wakapanda wakashuka. Anayesimama kwenye mizani alikuwa Baba, mwenye kusoma alikuwa Baba mkwe, naye alisoma kwa ile sauti yake. Watu wa ghorofa zote walijua uzito wa Baba. Kisha akaingia dada mmoja wa ofisi ya bima, na hapo, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, umeme ukakatika.

Mume wangu anasema alipofika chini ya shimo la lifti alisikia sauti ya baba yake ikishuka kutoka juu: "Sasa hivi tumesimama au tunakwenda? Jibu, mkwe!" Na sauti ya dada wa bima: "Tumesimama, baba zangu! Tumesimama! Mungu wangu, tumesimama!"

Ilichukua muda mrefu kuwatoa. Yule dada alitangulia, na inasemekana ameomba kuhamishiwa ghorofa ya chini. Wazee wakatoka mmoja mmoja, kimya. Hilo ndilo lililomtisha mume wangu. Amewaleta nyumbani kwenye gari la kazi na hakuna aliyesema neno njia nzima. Baba mkwe alikuwa amebeba mizani. Kwenye ngazi za hapa nje, utelezi ule, alimshika Baba mkono.

Jumamosi, 5 Aprili
Wako kimya bado. Mama mkwe amepima joto la wote wawili.

Jumatatu, 7 Aprili
Leo Baba alikwenda kukagua nyumba yake, na Baba mkwe akavuta kiti karibu na kitanda changu. Kwa kiwango chake, alikuwa ananong'ona. Pengine jirani wa pili hakusikia.

"Binti yangu, nikuulize. Unajua kwa nini baba yako anataka nafasi iwe imetulia?"

Nikasema ni ubishi tu. Baba ni mbishi tangu nimjue. Niliwahi kumwona anabishana na kipimajoto.

"Mle kwenye lifti, gizani, nilimuuliza. Nilikuwa namchokoza. Nikamwambia, mkwe, hiyo nafasi yako haionekani, haipimwi, haigusiki, ya kazi gani? Akasema: dunia inazunguka, jua nalo linakwenda na sisi, hakuna kinachorudi pale kilipokuwa. Kama nafasi yenyewe si kitu, basi pale mke wangu alipokuwa amekaa siku ya mwisho, akimenya chungwa, hapapo tena popote. Ni maneno tu. Lakini kama nafasi ipo, imetulia, basi pale papo. Papo mpaka leo, mbali sana huko nyuma. Sisi ndio tumepita."

Akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Ukamjibu nini, baba?"

"Ningejibu nini? Nilikuwa na hoja tatu. Nikazimeza."

Mimi nami nilikuwa na kicheko cha miaka mingi juu ya karatasi za Baba. Sikumbuki chungwa. Nilikuwa kazini siku hiyo, namfundisha mtu kurudi nyuma kwa kutumia vioo.

Jumanne, 8 Aprili
Wamegombana. Mama mkwe amesema, "Alhamdulillahi," akarudi jikoni akiimba.

Jumapili, 13 Aprili
Mvua. Mtoto anapiga teke kila Baba mkwe anapoanza sentensi.

Jumatano, 16 Aprili
Baba amemtumia kazi yake yote mhadhiri mmoja wa chuo, mwanamke ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. "Yule msichana hakuwahi kunionea aibu," anasema. "Alikuwa akinikosoa ubaoni." Sasa kila simu ikilia hapa ndani anasimama. Leo alisimama hata kwa simu ya fundi wa dari.

Jumanne, 22 Aprili
Mhadhiri amepiga. Nilisikia upande wa Baba tu. "Ndiyo, mwanangu... Ndiyo... Nusu?" Akaandika kitu kwenye kiganja. "Nusu. Naona. Ahsante kwa kunisomea."

Akaniambia mwenyewe, wima, kama anayesoma matokeo ya mtihani wa mtu mwingine. Mwanga wa nyota ukipita karibu na jua unapinda, na upindo huo umeshapimwa mara nyingi wakati jua linapopatwa. Kwa hesabu za Baba, mwanga unapinda nusu tu ya uliopimwa. Si karibu na nusu. Nusu kamili.

Nikasema, "Nusu si haba, Baba."

"Daraja likifika nusu ya mto, mama, utalipita?"

Ameingia chumbani kwake. Hakula.

Alhamisi, 24 Aprili
Baba anafunga masanduku. Anasema maji kwake yamepungua, anaweza kulala juu ya meza. Nimelia, nimefoka, nimetishia kusimama. Alinijia mbio kwa hilo la kusimama, akanifunika shuka, akarudi kufunga masanduku.

Baba mkwe alikuwa uani anatazama mvua. Nilidhani atafurahi. Ameshinda, ulimwengu umepinda. Lakini chakula cha mchana hakukigusa, na alipoomba maji aliyaomba kwa sauti ya mtu wa kawaida. Mama mkwe akaniangalia, nikamwangalia.

Ijumaa, 25 Aprili
Asubuhi Baba mkwe aligonga mlango wa Baba. Huwa hagongi. Aliingia, akaacha mlango wazi, nami kutoka kitandani nikaona yote. Baba alikuwa ameketi juu ya sanduku.

"Mkwe," akasema Baba mkwe, "nimesoma karatasi zako."

"Za nini sasa."

"Usiku kucha sikulala, mgongo unaniuma, kwa hiyo nisikilize. Sisi zamani tulipima kwa utepe wa chuma. Asubuhi ya baridi chuma kinajikaza, utepe unakuwa mfupi. Ukiwa mjinga, unarudi ofisini unasema shamba limekua. Shamba halikukua, utepe umepungua."

"Najua chuma kinafanya nini."

"Sasa wewe unasema karibu na jua saa zinachelewa. Sawa. Umechelewesha saa. Mita je? Kitu chenye nguvu ya kuharibu saa kitaachaje kuharibu mita? Mita zako zote, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ni nzima kabisa. Hata moja haikupungua! Umeharibu nusu ya vyombo, ukapata nusu ya jibu."

Baba akainuka taratibu kutoka kwenye sanduku, akalifungua, akatoa karatasi, akaketi kitandani na kalamu. Baba mkwe akabaki amesimama, kama mtu anayesubiri chenji.

Baadaye sana Baba akauliza, bila kuinua kichwa, "Kwa nini umenipa hii? Wewe huamini hata neno moja."

"Siamini hata herufi! Nafasi imepinda, na utakufa nayo imepinda. Lakini nikikushinda nataka nikushinde ukiwa mzima. Sitaki ushindi wa nusu mtu."

Jumatatu, 28 Aprili
Baba ametoka chumbani na ndevu. Nusu ya pili imepatikana. Saa zinachelewa, mita zinapungua, mwanga unapinda kama ulivyopimwa, na nafasi iko pale pale, tambarare kama meza ya Mama mkwe. Amemkumbatia Baba mkwe. Baba mkwe alisema, "Basi, basi, basi," huku akitazama huku na huku kama kuna mtu wa kumwokoa.

Mama mkwe akauliza, "Kwa hiyo sasa hesabu za huyu na za yule zinatoa jibu moja?"

"Ndiyo," wakasema wote.

"Kwa kila kitu mlichopima?"

"Ndiyo."

"Basi mnagombania nini?"

Sijawahi kuwaona wamekasirika kiasi kile, wote kwa pamoja, kwa mtu mmoja.

Jumatano, 7 Mei
Mhadhiri amemwalika Baba azungumze na wanafunzi wake kesho. Baba amepatwa na mafua. Sauti imekauka, akisema "nafasi" inatoka hewa tupu. Mama mkwe amemsukutulisha maji ya chumvi. (Chumvi imerudi.)

Alhamisi, 8 Mei
Mume wangu alinipigia simu ya picha kutoka ukumbini, nami nikatazama nikiwa nimeegemea mito. Ukumbi una paa la bati. Mvua ilianza Baba alipofika mbele, si mvua ya kunyesha, ni ya kumwagwa. Alifungua mdomo. Hakuna hata aliye mstari wa mbele aliyesikia kitu. Kipaza sauti kilikoroma kikafa. Vijana wakaanza kutoa simu zao. Baba akasimama pale na karatasi zake, mdogo, na koti lake la mazishi.

Ndipo Baba mkwe akainuka. Akapita katikati ya viti, akapanda jukwaani, akainamisha sikio kwenye mdomo wa Baba. Kisha akaugeukia ukumbi.

"ANASEMA," akanguruma, juu ya mvua, juu ya bati, "NAFASI NI TAMBARARE, NA IMETULIA!"

Simu zote zikashuka.

Ikaendelea hivyo. Baba ananong'ona, Baba mkwe anatangaza. Alitangaza saa zinazochelewa. Alitangaza mita zinazopungua, na hapo akaongeza, "HIYO NI YANGU!" Uso wake ulikuwa wa mtu anayemeza dawa chungu kijiko baada ya kijiko, lakini hakuruka hata neno.

Mwisho mhadhiri akasimama. Ni mama mwembamba, mtulivu. Akauliza kama kuna kipimo chochote ambacho nadharia ya mwalimu na ile inayofundishwa zinatoa majibu tofauti.

Baba akanong'ona. Baba mkwe akauliza kitu, Baba akarudia.

"ANASEMA HAKUNA." Ukumbi ukacheka kidogo. "ANASEMA, HAKUNA ANACHOKIJUA BADO, NA HATAKI KUWADANGANYA."

Kicheko kikaisha.

"Basi, Mwalimu," akasema mhadhiri, "kuchagua kati ya hizi mbili ni suala la nani anapenda nini?"

Baba akanong'ona neno kwa hasira. Baba mkwe akanyooka. "HIYO SISEMI," akasema. Baba akamvuta mkono wa shati. "Sisemi, mkwe! Haya, anasema wanaopenda ukweli watajua pa kwenda, yaani kwake. MIMI NASEMA NAFASI IMEPINDA! Lakini hesabu za mtu huyu ni sahihi, nimezihakiki mstari kwa mstari, na mwenye shaka anifuate hapo nje!"

Walipiga makofi mpaka simu ya mume wangu ikatetemeka. Mimi nilicheka, nikalia, na kitanda kikalowa. Nilidhani dari la sebuleni nalo limeanza kuvuja. Haikuwa dari.

Jumamosi, 10 Mei
Msichana. Mzima, mimi mzima. Amewahi kidogo ila mkunga amemsamehe. Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 20 Mei
Hakuna mvua. Usingizi pia hakuna.

Jumapili, 1 Juni
Jua kali tangu wiki iliyopita. Nimesimama, nimetembea mpaka getini, nimerudi mwenyewe.

Leo Baba ametangaza, akiwa amempakata mjukuu, kwamba kwake kumekauka, fundi amepaka rangi, naye hataki tuchoke na mgeni. Ataondoka kesho na basi la asubuhi. Mama mkwe alisema tutakukosa, mkwe. Mume wangu akasema atambebea masanduku. Mimi nilitafuta la kusema. Kila nililolifikiria lilikuwa ombi, na Baba hakubali maombi, hukubali hoja tu.

Baba mkwe alikuwa dirishani, ametupa mgongo.

"Huwezi kwenda," akasema.

"Kwa nini?"

"Barabara haipitiki."

Nje ya dirisha lile lile basi lilikuwa linapita, na vumbi lake likapanda likaingia mpaka ndani, Mama mkwe akamfunika mtoto uso kwa kanga.

"Tope," akasema Baba mkwe, bila kugeuka. "Mimi ni mpima. Nimeiangalia. Tope jingi sana. Pengine mpaka mwakani."

Nilimtazama Baba. Msimu mzima, ukiacha zile mita, hajamkubalia mtu huyu jambo lolote, hata saa ya ukutani. Aliinuka na mtoto begani, akaenda akasimama pembeni ya mkwe wake. Akaiangalia barabara, kavu, nyeupe kwa jua, mtoto wa jirani anaendesha baiskeli katikati yake. Aliiangalia kwa makini, kama anavyoangalia kila kitu.

"Kweli kabisa, mkwe," akasema. "Tope hilo, halipitiki."